Ndege wa Kichwa Chini

Wifi yangu ni fundi miwani. Mezani pake pamejaa skrubu ambazo ukipiga chafya umezipoteza, na mtaa mzima unamwita Mama Lenzi. Mie namwita wifi kwa sababu aliolewa na kaka yangu, na utani wa mawifi hauishi. Kwa hiyo nikimsema, msinizibe mdomo.

Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpiga chapa wa kalenda za ukutani. Kazi yake kalenda, ugonjwa wake sarafu. Alikuwa na moja ya zamani, zile zilizokwisha kuondolewa madukani: upande huu kichwa cha mtu, upande ule ndege. Siku moja akasoma gazetini kwamba chache kati ya hizo zilikosewa kiwandani. Ukizigeuza kama ukurasa, ndege anatokea kichwa chini. Akaigeuza yake. Ndege huyo, miguu juu! Alipiga ukelele mpaka jirani akaja mbio na ndoo ya maji, akidhani nyumba inaungua.

Wenzake wa chama cha wakusanya sarafu hawakumwamini. Na yeye, mkaidi yule, hakukubali mtu aishike. "Mikono yenu ina jasho," alisema, akaionyesha kwa mbali na kuirudisha mfukoni. Basi wakambatiza Bwana Kichwachini, wakasema njia ya mwongo ni fupi. Jina hilo lilimuuma. Hata alipokuwa kitandani hajiwezi, alimshika wifi mkono akamwambia, "Tafuta kitabu, mama. Kitabu kitanitetea." Wifi akaitikia. Tangu tumzike, kikopo chenye ile sarafu hakukifungua.

Juzi muuza vitabu akamwita: miongozo ya sarafu imefika, miwili. Nikamsindikiza. Pesa za kununua yote miwili hatukuwa nazo, ilibidi achague mmoja.

Wa kwanza ulikuwa mnene, jalada linang'aa, picha za rangi, bei kila ukurasa. Wa pili mwembamba, karatasi za manjano, hauna picha hata moja, michoro ya mkono tu. Mimi nikaukumbatia ule mnene. Nikaufungua, nikamkuta ndege wetu: "Aina adimu, ndege amepinduka. Thamani kubwa sana." Moyo ukanipasuka kwa furaha.

"Wifi, tumemaliza! Kaka katetewa. Lipa twende."

"Kitabu hiki ndicho chenyewe, dada zangu," muuza vitabu akadakia. "Hata maprofesa wanakigombea."

"Kizuri chajiuza, baba," wifi akamjibu, "kibaya chajitembeza." Akatoa pochini senti moja chakavu, akavaa miwani. Senti ile anaijua kama kiganja chake: kuna herufi imegongwa mara mbili, ina kivuli pembeni. Akaitafuta kwenye kitabu kinene. Kimya. Picha moja ya senti ya mwaka ule, nzuri, imesafishwa, basi. Akafungua chembamba. Herufi ilikuwepo, imechorwa kubwa, na kivuli chake kikiwa upande uleule.

"Kitabu nakipima kwa ninachokijua," akasema. "Kikinidanganya hapo, nitakiaminije kwa nisichokijua?"

Hapo nikapandwa na hasira. "Wifi, hiki kinene kimeshasema ndugu yangu hakuwa mwongo! Unatafuta nini tena? Unataka kumfukua?"

"Kimesema ipo adimu. Hakijasema namna ya kuitazama." Akanitazama juu ya miwani. "Kaka yako alinituma kitabu cha kumtetea, hakunituma cha kumbembeleza."

Akalipia kile chembamba, nami nikanuna njia nzima. Nyumbani akafungua kikopo, akanipa sarafu. "Igeuze wewe. Damu yako."

Nikaigeuza kama alivyoigeuza kaka, kwa kidole gumba, kutoka chini kwenda juu. Ndege, miguu juu. "Haya!" nikafoka. "Umeona?"

Wifi alikuwa ameinamia mchoro kwenye kitabu chembamba: kitabu kilichofunuliwa, na mshale unaotoka kulia kwenda kushoto. Akaichukua sarafu. Akaigeuza ubavu kwa ubavu, taratibu. Ndege akasimama wima, kichwa juu, kama ndege wa sarafu nyingine zote.

Mimi nilihisi tumemzika upya.

"Kama ukurasa," wifi akasema polepole. "Gazeti lilisema igeuze kama ukurasa." Akainua macho ukutani, kwenye kalenda ya mwisho aliyoichapa marehemu. "Na ukurasa wake yeye ulifunuliwa kwenda wapi, wifi?"

Jamani! Juu. Miaka yote ile, mashine ile, karatasi zile: kaka yangu ukurasa aliujua mmoja tu, wa kalenda, nao unanyanyuliwa kutoka chini. Wifi akaanza kucheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, nami nikamfuata. Nilijaribu kujikaza kisabuni, nikashindwa.

"Kwa hiyo alikosea," nikasema nikijipangusa. "Wale wa chama watatamba."

"Watambe. Jumamosi nakwenda kuwaambia mwenyewe, ilikuwa ya kawaida. Lakini mwongo hakuwa. Aliona alichokisema." Akaifuta sarafu kwa kitambaa chake cha lenzi, akanikabidhi. "Ningechukua kile kinene, wifi, ningebaki na sarafu ya bei. Nisingejua alivyokuwa akiigeuza, na kwa nini. Igeuze tena."

"Kivipi?"

"Kama mume wangu."

Nikaweka kidole gumba chini, nikaipandisha juu.