Sahani Moja Zaidi

Siku yangu ya kwanza radioni, hapa Kasongo, sikupewa mikro ya kusemea. Nilipewa kaye, yaani daftari, na kalamu ya bic, nikatumwa kwa muuza nguo mmoja karibu na soko, aliyekuwa na televisheni, dishi la parabole na grupu la kuzalisha umeme. Directeur wetu, mwalimu wa zamani aliyependa kusimama hata anapozungumza na mtu mmoja, alinieleza kazi.

"Zaina, watu hapa hawana televizyo, lakini radio wanayo. Weye utaangalia séri, utarudi, utaeleza. Usiongeze, usipunguze. Umesikia?"

"Nimesikia, Directeur."

Nilisikia kweli. Kutii ndiko kulikonichukua miaka.

Ninyi vijana mnaotazama séri, hizi tamthilia za sehemu sehemu, kwenye simu mnaweza kucheka, lakini ile ilikuwa kazi yenye ufundi wake. Kwanza générique, yale majina yanayopita mwanzoni: sikuyaruka, maana mtu aliyeandika kitu kizuri anastahili kutajwa, hata kama ulimi wangu uliyavunjavunja. Kisha muhtasari wa sehemu iliyopita, kwa ajili ya waliokuwa shambani. Kisha kukata: unasimamisha hadithi mkono ukiwa juu ya kitasa cha mlango, unaaga. Watu walinitukana njiani kwa sababu ya kukata. Nilifurahi sana.

Baada ya miaka michache nilipelekwa Kabambare, kwenye radio ndogo iliyorusha vipindi vyetu. Chef de poste, mkuu wa kituo cha kule, alikuwa mpole kupita kiasi, aliomba msamaha hata mvua ikinyesha. Nilipanga chumba kwa Mama Faida, mjane mwenye shamba kubwa la karanga, aliyenilisha kama binti yake na kunigombeza vilevile. Mwaka ulipoisha nikarudishwa Kasongo, na sauti yangu ikaanza kwenda Kabambare ndani ya flash, kile kijiti kidogo cha kuhifadhia sauti, mfukoni mwa mtu wa pikipiki. Pikipiki hiyohiyo ilinirudishia barua za wasikilizaji.

Sasa niseme ukweli wangu. Nilikuwa na wivu. Séri nyingi nilizieleza na kuzisahau, lakini ziko zilizoniuma kwa uzuri wake. Iliyoniuma kuliko zote ilihusu bibi kizee wa nchi ya mbali, mwenye shamba la kahawa na funguo za kila kabati, aliyemfukuza mkamwana wake kwa kosa dogo. Sehemu moja nzima hakupigwa mtu, hakulia mtu. Bibi aliandaa meza, akaweka sahani moja zaidi, akaitazama, akairudisha kabatini. Basi. Nililia mbele ya muuza nguo, nikaandika kwenye kaye: hii ningeiandika mimi.

Wakati huo Mama Faida naye alikuwa amemrudisha mkamwana wake, Sifa, kwa wazazi wake. Alidai kwamba Sifa aligawia ndugu zake mbegu za karanga. Mume wa Sifa alikuwa mbali machimboni na hakuulizwa. Nilimwandikia Mama Faida kumsihi. Jibu lilikuja na pikipiki, ameandikiwa na katekista: "Miye sina haraka. Nangojea kwanza nione yule bibi wa televizyo atafanya nini na mukamwana wake."

Siku ya sehemu ya mwisho, alasiri, grupu la muuza nguo lilitoa moshi na kufa kabla ya générique kumalizika. Kipuri kilipaswa kutoka Kindu. Nilirudi ofisini na kaye tupu. Mtu wa pikipiki alikuwa nje, amekwisha kufunga mizigo yake, anangojea flash.

Ningeweza kusema kwamba grupu limekufa. Badala yake nilikaa mbele ya mikro nikasema kwamba bibi alifungua kabati, akaitoa ile sahani, akaifunga kwenye kitambaa, akaenda kwa miguu hadi kwa wazazi wa mkamwana na kumwomba arudi. Sauti yangu haikutetemeka. Ndiyo inayonitia aibu mpaka leo.

Wiki mbili baadaye nikapata habari: Mama Faida amefunga sahani kwenye kitenge, ametembea siku nzima, amerudi na Sifa.

Kisha mfanyabiashara mmoja akatoka Kindu, ambako aliiona sehemu ile kwa macho yake. Bibi hakwenda popote. Alikufa amekaa mezani, funguo mkononi. Directeur aliniita.

"Umeongeza."

"Nimeongeza, Directeur."

"Utasahihisha mu radio, hapa na Kabambare."

Sikubisha. Niliomba jambo moja tu: flash ya Kabambare niibebe mwenyewe, Mama Faida asisikie habari hiyo kwanza radioni. Directeur akasema, "Nenda."

Njia ilikuwa matope matupu. Tulisukuma pikipiki zaidi ya kuipanda, na njia nzima nilimwona Sifa akifunga tena vitu vyake kwa sababu yangu. Nilipofika alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, na Mama Faida anachambua karanga. Nilikataa kiti, nikasema yote nikiwa nimesimama.

Sifa aliacha mchi. "Kumbe Mama alinifuata juu ya uongo wako?"

Mama Faida aliendelea kuchambua karanga zake hadi akamaliza ungo.

"Sifa, ile njia nilitembea na miguu yangu. Televizyo haikunibeba." Kisha akanigeukia. "Na yule bibi wa kule, alikufa vile, na funguo mu mikono?"

"Ndiyo, Mama."

"Masikini. Hakuwa na mutu wa kumwambia kwamba anaweza kwenda." Akasukuma ungo pembeni. "Peleka flash yako. Watu wasikie yote mbili. Lakini kula kwanza."

Sifa alitwanga mpaka akamaliza, akapika, akaingia ndani, akatoka na sahani tatu.

Directeur hakunifukuza. Alinipa kaye mpya na kusema, "Kama kuongeza kunakushinda kuacha, andika zako. Lakini sema ni zako." Niliandika michezo ya radio mpaka siku ya kustaafu, na kila mmoja ulianza na jina langu.

Mwaka huu binti yangu alinitafutia sehemu ile ya mwisho kwenye simu yake. Niliitazama mara mbili. Bibi anakaa, funguo zinalegea mkononi, na upande wa pili wa meza iko ile sahani, safi, haijaguswa. Mwisho wao ni bora kuliko wangu. Nakiri bila kinyongo, na kama ningekuwa kijana leo ningekaa chini kujifunza walivyofanya.

Lakini wiki iliyopita Sifa alinitumia karanga kutoka Kabambare, na salamu za Mama Faida, ambaye sasa haoni vizuri. Anasema kula hawezi kuanza mpaka Sifa akae.