Saini ya Mahudhurio

Watu wa halmashauri walipotuita tukatoe maoni juu ya kanuni mpya za wauzaji wa majumbani, nilifurahi kama mjinga. Nilidhani wanataka kutusikia.

Mimi nauzia nyumbani, Mabatini, katika chumba hichohicho tunamolala. Nauza sabuni, dawa ya meno na mafuta ya ngozi ya kampuni isiyo na duka, ina sisi. Mteja akija namkalisha mkekani, namnawisha mkono wa kulia kwa sabuni yangu na wa kushoto kwa sabuni ya kawaida, kisha namwacha ashikeshike mikono yake mwenyewe. Sibishani naye.

Sikuichagua kazi hii kwa kuipenda. Wazazi walipofariki nilikuwa darasa la sita, mkubwa wa wanne, nikaacha shule. Wawili wameshashika maisha yao. Amebaki wa mwisho, msichana wa miaka ishirini, ana kifafa. Huwezi kumwacha peke yake na jiko hata kwa muda wa kuchemsha chai. Kazi inayoniruhusu kukaa naye ni hii tu.

Siku ya mkutano nilimwacha kwa jirani. Mtaalamu aliyeleta rasimu alikuwa kijana wa suti, mwenye viatu ambavyo havijawahi kupanda mawe ya kilimani kwetu. Akatusomea: muuzaji atakuwa na chumba cha biashara kisichokaliwa na watu, chenye mlango wake, choo chake, kizimamoto na bango.

Mama mmoja muuza vyombo vya plastiki akanyanyuka. "Mwanangu, kwetu choo ni kimoja, wapangaji sita. Hicho cha wateja nikichimbe wapi, kichwani kwako?"

Tulicheka. Kijana naye akacheka, akaandika kitu. "Maoni yako tumeyapokea, mama."

"Umeandika nini?"

"Kwamba miundombinu ni changamoto."

Nikanyanyuka mimi. Nikauliza, anayeuguza mtu nyumbani akipanga chumba huko barabarani, mgonjwa amwache na nani? Akajibu kwamba hilo ni suala la ustawi wa jamii, si la biashara. Akatazama saa.

Kisha ikapita karatasi ya mahudhurio. Hapa siwezi kuwalaumu wakubwa peke yao. Kwetu karatasi hiyo ikipita, mtu hasomi, anatafuta kalamu. Asiyesaini hapati posho, na hata soda anaweza kunyimwa. Wapo waliowasainia mashoga zao waliobaki nyumbani wakifua. Mimi niliandika jina, mtaa, namba ya simu na aina ya biashara, kwa mwandiko safi kabisa, kama mtoto anayetaka kusifiwa na mwalimu. Posho yenyewe haikuja. Tulikunywa soda tukatawanyika.

Baada ya wiki mbili mwenyekiti wa mtaa aliniita akanionyesha taarifa yao. Wadau walishirikishwa, ilisema, na wameafiki rasimu yote; orodha ya saini zao imeambatishwa. Jina langu lilikuwa la tatu. Vyoo na wagonjwa wetu wote walikuwa wamekunjwa kwenye mstari mmoja: changamoto ndogondogo za miundombinu.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwao na mdogo wangu, kwa kuwa jirani alikuwa na safari. Nikamkuta kijana yuleyule.

"Dada, si ulisaini?"

"Nilisaini kwamba nimefika."

"Kufika ni kushiriki."

"Na kushiriki ni kukubali? Basi ukienda msibani umekubali mtu afe."

Karani wa meza ya pili aliangua kicheko. Kijana akanuna. "Kwani wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La sita. Ndiyo maana naomba karatasi ya kupinga mapema, naandika polepole."

Akasema fomu ya kupinga haipo, ipo ya kuhudhuria tu. Nikamwambia tutaisubiri itengenezwe, tukakaa kwenye benchi. Watu wakaingia na kutoka, yeye akijifanya hatuoni.

Karibu na mchana macho ya mdogo wangu yaliganda. Nilimshusha sakafuni kabla hajaanguka, nikamlaza ubavu, nikakunja kanga chini ya kichwa. Mwili ukamtetemeka. Wengine walikimbilia nje. Kijana alisimama ukutani na kalamu yake.

"Nimwite nani?" akauliza.

"Hakuna wa kuitwa. Ni mimi tu."

Degedege likapita. Nilipomaliza kumfuta mate, karatasi ya kupinga ilikuwa imeshapatikana, na kiti, na maji ya chupa. Kumbe ofisi ile ina kila kitu, ila hawakitoi mpaka waogope.

Niliandika kwamba sikukubali, na sababu yangu amelala sakafuni mwao. Rasimu haijapitishwa mpaka leo, wala haijafutwa. Mimi bado nauzia mkekani. Siku ile nilidai mhuri kwenye nakala yangu. Kijana aliugonga mara mbili, kwa kuwa wa kwanza haukutoa wino.