Tulitimia kumi kaburini, kumbe mimi na mjukuu wangu hatuhesabiki

Wakuu, nawauliza kwanza: mtu akiacha kusali kabisa, Mungu hamwamini, bado ni Myahudi?

Msijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, nikaaibika.

Hamjambo wote, na nyie mnaosoma kimyakimya bila kukomenti nawaona. Ni bibi yenu wa Whitehall, hapa Columbus. Mimi Mrundi, Kiswahili changu cha kambini Tanzania, shule niliishia la pili. Makosa ya herufi mnivumilie. Ila haya niliyaona kwa macho yangu, chumvi sijatia.

Kazi yangu kuhudumia wazee majumbani. Marekani nilishukia Louisville, kule South End, halafu binti yangu akapata kazi ya warehouse huku Columbus, nikamfuata. Ndo nikapewa bibi mmoja wa kumwogesha na kumpikia. Tumwite Mama Ruthi, silo jina lake.

Siku ya kwanza akaniambia yeye ni Myahudi. Wakuu, nilipiga vigelegele jikoni kwa watu! Wayahudi nilikuwa nawajua wa kwenye Biblia tu. Nikamuuliza, "Mama, wewe kabila gani? Yuda? Lawi?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Kabila la Cleveland." Huo ni mji tu wa hapa Ohio.

Halafu ndo akaniambia hasali. Mungu hamwamini tangu ujana wake.

Nikamwambia basi wewe si Myahudi tena, umeacha. Kiingereza changu cha kuokoteza, lakini hilo alilielewa.

Hakukasirika. "Wewe Burundi ulitoka lini?"

"Nilitoka mtoto."

"Umewahi kurudi?"

"Bado."

"Basi wewe si Mrundi tena, umeacha."

Mana yanje, Mungu wangu! Nikaendelea kumenya viazi.

Toka siku hiyo tukawa watu wa kutaniana. Ila alipoanza kuishiwa nguvu, utani ukaisha, akawa anarudia jambo moja tu. Siku ya kumzika wafike Wayahudi kumi.

Wana sala yao inaitwa kadishi, mtoto anamsomea mzazi wake pale kaburini. Kwenye sinagogi lake wasipotimia kumi haisomwi. Na yeye rafiki zake karibu wote wametangulia, mtoto anaye mmoja, yuko Buffalo. Ndo hofu yake ilikuwa hapo.

Nikamuuliza, "Sala ya nini, na Mungu humwamini?"

"Mungu kama yupo au hayupo, shauri yake. Shauri letu sisi ni kutimia kumi."

Basi akafa, baridi imekaza. Wao maiti hawaiweki, wanazika upesi, kwa hiyo wa mbali wengi hawakuwahi. Binti yangu alikuwa shifti, akanipeleka mjukuu wangu Divine, yuko high school, leseni bado mpya.

Tunafika makaburini, theluji kila mahali, watu wa kuhesabu kwa macho. Rabi wao ni mwanamke, tena kijana! Sijawahi kuona. Mtoto wa Mama Ruthi yuko pembeni yake, kashika karatasi.

Nikahesabu wote, rabi humo humo. Nane. Mimi na Divine, kumi!

Nikasema kwa sauti, nina furaha, "Ten! We are ten! Anza, mchungaji!"

Rabi akaja akanishika mkono. Akaniambia polepole, asante mama, ila kwenye kumi wanahesabiwa Wayahudi tu. Kuna wawili walikuwa njiani, wamekwama kwenye barafu. Atasubiri kidogo, wakishindwa atasoma zaburi, kadishi itaachwa.

Divine akanivuta koti, kavimba. "Let's go, bibi. They don't want us."

"Wee, acha! Kwetu siku ya kumaliza msiba, neno la mwisho anasema mtu wa ukoo. Jirani hata akupende vipi, halisemi yeye. Umeona jirani gani akanuna?"

Lakini wakuu, yule mtoto wa marehemu. Mtu mzima na mvi zake, anakunja karatasi anaikunjua, anaangalia barabara kama mtoto aliyesahaulika shuleni.

Nikashindwa. Kambini kwetu wabeba jeneza wakipungua hukai ukalia. Unatoka barabarani, unaita.

Nikatoka. Chini kule nikaona mzee na binti yake, wanaweka vijiwe juu ya kaburi la kwao, ndo maua ya Wayahudi. Nikawaendea, theluji mpaka magotini, Divine nyuma ananiita bibi utaanguka.

"You Jewish? Please. Mama, there. Eight. Need ten."

Mzee akanitazama, akatazama kule. Hata hakuuliza aliyekufa nani. Akamwambia binti yake, "Come."

Kadishi ikasomwa.

Yule mtoto anajikwaa, lugha yenyewe ya kale haijui, kaandikiwa kwa herufi za Kiingereza. Akikwama, wale tisa wanambeba. Rabi aliniambia baadaye humo ndani kifo hakitajwi, ni kumsifu Mungu tu. Na huyo mtoto naye haamini, kama mama yake! Analia huku anasifu.

Mimi na Divine tulisimama pembeni. Amina ilipofika tukaitikia. Hiyo hakuna aliyetuzuia.

Funzo langu? Sikuhesabiwa, na sikuumia, kazi yangu ilikuwepo. Na lile swali la juu, kwa akili yangu ya la pili: yule mzee aliitwa, akaja. Uyahudi niliouona mimi ndo huo. Sisi huku tukiitana, pole zinajaa kwenye simu, miguu haionekani.

Wenye kujua zaidi nisahihisheni. Na kwenu mazishi yakikosa watu mnafanyaje? Semeni, nitasoma zote.

Ila njiani kurudi Divine hata redio hakuwasha. Tukasimama kwenye taa.

"Bibi, sisi tunahitaji watu wangapi?"

Nikamwambia sisi hatuna namba, ni wanaopatikana.

Akasema, "Siku yako watu wakipungua, mimi ndo nitatoka barabarani kuwaita. I promise."