Nyasi Mbichi Sakafuni

Jana walikata nyasi kwenye uwanja wa ofisi ya wilaya. Harufu ilipoingia dirishani niliacha kuandika.

Kijiji chetu cha zamani kilikuwa mlimani. Watu walikihama kaya moja moja kufuata barabara, na sisi tulikuwa wa mwisho. Miezi michache baadaye bibi alirudi nami kuchukua mafiga yake, kwa kuwa aliamini nyumba mpya haitulii bila mafiga ya zamani. Tulipita kwenye migomba iliyosongwa na magugu. Kahawa ilikuwa imeivia mitini na kupukutika.

"Bibi, nani anaishi huku siku hizi?"

"Waliozikwa tu. Tembea, mdomo huo utauchosha."

Mlango wetu ulikuwa bado na kamba aliyoifunga mwenyewe. Akaifungua. Ndani, sakafu ilikuwa imetandikwa nyasi mbichi zenye umande, zimelazwa upande mmoja kama tunavyowatandikia wageni. Karibu na mafiga zilikuwa zimebonyea, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi.

Bibi, ambaye kijiji kizima kilimwamkia, alivua viatu akapiga magoti.

"Shikamoo," alisema.

Tulisubiri. Kisha akaninong'oneza, "Twende, mjukuu wangu. Mafiga yana mwenyewe."

Akaufunga mlango kwa kamba ile ile.

Kule barabarani alipikia juu ya matofali matatu mpaka alipofariki. Kila alipowasha moto aliniuliza kama nasikia harufu ya nyasi. Kila mara nilimjibu kwamba sisikii.