Wafuasi Kumi na Mmoja wa Gia ya Pili

Katika masjala yetu, kila karatasi inayoingia kwenye faili hupewa namba juu, pembeni kulia, na namba hiyo huitwa folio. Ya kwanza ni moja, ya pili ni mbili, na hakuna njia ya mkato. Mtu ninayemwelezea hapa ameandika namba hizo kwa miaka ishirini na miwili, meza yake ikigusana na yangu, na ndiyo maana tunamwita Folio. Jina lake la kuzaliwa liko kwenye faili lake, na faili lake liko kwenye kabati lenye kufuli.

Ana miaka hamsini na mmoja, mwembamba, wa miwani, shati amelichomekea hata siku za mapumziko. Hanywi, havuti, hashabikii timu yoyote. Ulevi wake ni mmoja tu: waimbaji wasiojulikana. Sisemi waimbaji wanaokaribia kujulikana. Nasema watu wanaotunga wenyewe, wanaopiga gitaa wenyewe, wanaojirekodi kwa simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari, kisha wanauweka wimbo mtandaoni ukasikilizwa na watu wanne, wawili kati yao wakiwa wamebonyeza kwa bahati mbaya.

Kila siku saa saba kamili mchana anaweka spika moja sikioni, ile ya kushoto. Sikio la kulia, kwa maelezo yake, ni la ofisi mpaka saa kumi. Anashuka mpaka chini kabisa ya orodha, ambako watu wengine hawafiki, na huko anachimba. Akimpata mtu, anamfungulia faili lenye jalada la kahawia na vichwa vya habari: sauti, ala, maneno, kelele za nyuma. Kelele za nyuma anazipenda kuliko vyote. Mlango unaogonga, jirani anayeuliza chumvi iko wapi. "Studio inafuta ushahidi," aliwahi kuniambia, na uso wake haukuwa wa utani.

Mwimbaji akifikisha wasikilizaji mia tano, Folio anagonga muhuri wa LIMEFUNGWA juu ya faili na kulirudisha kabatini. Anasema huyo sasa ameshapata wenyewe.

Mkewe alinisimamisha sokoni siku moja, kikapu mkononi. "Shemeji, wanaume wa wenzangu wana wanawake wa nje. Wangu ana mtu anayeimba kuhusu kabati lisilofunga. Sasa mimi nikamshtaki kwa nani?"

Huyo wa kabati alikuwa Gia ya Pili. Ndivyo alivyojiita mtandaoni. Alikuwa mwalimu wa udereva, na nyimbo zake alizirekodi ndani ya gari la shule, wakati wa mapumziko. Wimbo wa kwanza uliitwa "Kabati Halifungi". Wa pili ulimhusu mtu aliyefika kazini akakumbuka pasi ameiacha inawaka. Aliimba kwa sauti ya chini, kama anayesoma barua asiyotaka wengine waisikie, na katikati ya wimbo wa tatu anasikika akimwambia mtu aliye dirishani, "Nakuja, usiguse breki ya mkono," huku gitaa haliachi.

Chini ya wimbo huo aliandika: "Mfuasi mmoja. Asante uliye huko, lakini nadhani nitaacha."

Folio alinisomea maneno hayo kama anayesoma taarifa ya mgonjwa wa nyumbani kwao.

"Mmoja hatoshi," alisema.

"Lakini huyo mmoja si ni wewe?"

"Ndiyo maana hatoshi."

Kesho yake Gia ya Pili alikuwa na wafuasi wawili. Wiki iliyofuata, watano. Nilimuuliza, naye hakunificha, kwa sababu kuficha si tabia yake.

"Nimempatia mfamasia."

"Mfamasia gani?"

"Wa kubuni. Ndoa yake ina matatizo, lakini anapenda nyimbo za polepole. Na kuna bibi mwenye wajukuu tisa. Leo naongeza bondia mstaafu."

Alipofika kumi na mmoja, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, alisimama. Kila mmoja alikuwa na akaunti yake na namna yake ya kuandika. Bondia aliandika sentensi fupi. Baharia alilalamika kwamba mtandao unakatika akiwa safarini. Gia ya Pili akawa anaimba. Nyimbo zikafika saba, nane, kumi, na maoni ya wafuasi wake yakafika sitini na saba. Folio alinenepa kidogo.

Kisha, Jumatatu moja, nilimwona amekaa na spika sikioni saa saba na nusu, mkate haujaguswa. Alinisogezea simu. Gia ya Pili alikuwa ameandika hivi: "Jumamosi saa tisa alasiri nitaimba darasani kwetu, shule ya udereva, mbele ya wafuasi wangu kumi na mmoja. Wakija wote, naendelea. Wasipokuja wote, gitaa nimeshalipatia mnunuzi."

"Mwambie ukweli," nilisema.

"Nikimwambia ukweli anauza."

"Usipomwambia anauza Jumamosi."

Alifikiri. "Masjala tuko wangapi?"

Tuko tisa, yeye akiwemo. Wa kumi akawa mkewe, na wa kumi na moja mke wangu, ambaye alikubali kabla sijamaliza kueleza kwa kuwa alidhani ni harusi.

Tatizo lilikuwa Mkuu wetu wa masjala, mama mmoja ambaye cheko lake la mwisho hakuna anayelikumbuka. Folio alimpelekea mafaili kumi yenye majalada mapya. Ndani ya kila faili kulikuwa na maelezo ya mhusika mmoja, pamoja na nakala ya maoni yote sitini na saba, ili kila mtu ajue wenzake wamesema nini. Tulisikiliza mlangoni.

"Haya ni nini?"

"Mafaili, Mkuu."

Kurasa zikapinduliwa kwa muda mrefu. "Folio zote zimo?"

"Zote, Mkuu."

Faili lililokamilika hajawahi kulikataa maishani mwake. Akasaini lililokuwa juu, nasi tukasaini yaliyofuata, kila mtu kwa cheo chake. Hapo ndipo tulipogundua kwamba Mkuu amepata bondia. Tarishi wetu, mwanamume wa kifua kipana na masharubu, alipata bibi wa wajukuu tisa. Mke wa Folio, ambaye hata kwenye lifti hupata kichefuchefu, alikuwa baharia. Mimi nilikuwa mfuga nyuki.

"Mkuu, tubadilishane," tarishi alisihi. "Masharubu haya nitayapeleka wapi?"

"Umeshasaini. Kubadilisha kuna fomu, na fomu zimekwisha."

Wiki ile ofisi iligeuka. Kila mtu ilibidi azijue nyimbo zote, kwa hiyo saa saba mchana kulikuwa na watu tisa wenye spika katika sikio la kushoto. Tarishi alipeleka barua huku akiimba wimbo wa pasi. Mkuu alifunga mlango wa chumba chake, na tukasikia "Kabati Halifungi" likirudiwa mara nne mfululizo.

Jumamosi tulifika saa tisa kasoro dakika kumi, mafaili kwapani. Darasa lilikuwa na michoro ya alama za barabarani kuta zote, na meza yenye makutano yaliyochorwa kwa rangi na magari madogo ya plastiki juu yake. Viti kumi na kimoja vilikuwa vimepangwa. Gia ya Pili alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na viatu bapa, na gitaa lake lilikuwa limeegemea alama ya Simama.

"Karibuni," alisema. "Nitaita majina kwanza, kama ninavyofanya na wanafunzi. Bibi wa Wajukuu Tisa?"

"Nipo," tarishi akajibu, mkono juu ya masharubu.

"Wajukuu hawajambo?"

"Wanane hawajambo."

"Na wa tisa?"

Tarishi akafungua faili, akapekua. "Habari zake hazijaingia."

"Bondia Mstaafu?"

Mkuu akasimama, mkoba mkononi. "Mimi."

"Ulipigana uzito gani, mama?"

"Wa kutosha."

"Baharia?"

Mke wa Folio aliinuka. Aliulizwa safari ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda wapi, akasema ya kwenda na kurudi. Mimi niliulizwa kuhusu nyuki, nikajibu kwamba wanaendelea vizuri.

Mwalimu hakucheka. Alichukua rundo la karatasi juu ya meza, kati ya magari ya plastiki.

"Kazi yangu ni kuwafundisha watu watazame vioo," alisema. "Mimi mwenyewe hutazama. Haya maoni yenu yana namba juu, pembeni kulia. Mfamasia, ishirini na nane. Bibi, ishirini na tisa. Bondia, thelathini. Baharia yuko katikati ya bahari, thelathini na moja. Haijarukwa hata moja, haijarudiwa hata moja. Watu kumi na mmoja wasiojuana wanapokezanaje namba bila kugongana?"

Tulitazamana. Wiki nzima tulikuwa tumezisoma karatasi zile na hakuna aliyeliona jambo hilo. Kwetu sisi, karatasi yenye namba haishangazi mtu. Isiyo na namba ndiyo ingetushangaza.

Folio alisimama. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni. "Ni mimi."

"Wote?"

"Wote. Hata daktari wa meno."

"Sasa namba uliweka za nini?"

Swali hilo lilimshangaza kuliko kukamatwa. "Bila namba ingejulikanaje lipi limetangulia?"

Mwalimu alivua miwani. "Nilijua tangu ya kumi na nne. Nimeita watu ili huyo mtu mmoja aje, nimwambie ana kwa ana kwamba asijichoshe, mimi naacha. Sikutegemea kwamba angekuja na umati." Akalivuta begi la gitaa na kuanza kulifungua zipu. Folio alilitazama begi lile kama mtu anayetazama jeneza likiletwa.

"Subiri," alisema Mkuu. "Uliandika kwamba wakija kumi na mmoja unaendelea. Hesabu."

"Mama, hawa ni wa uongo."

"Za uongo ni ngumi. Mimi si wa uongo. Nyimbo nimesikiliza zote kumi, na ule wa kabati umeukosea mwisho. Ungeishia pale kwenye bawaba."

"Hapana, Mkuu, samahani," tarishi akadakia. "Ubeti wa mwisho ndio wimbo wenyewe! Pale kabati linapojifungua bila mtu."

"Wewe bibi, nyamaza."

"Sinyamazi! Kwenye hili sinyamazi."

Mke wangu, ambaye hadi wakati huo alikuwa anatafuta bibi harusi, alisema kwamba wimbo wa pasi ulimrudisha nyumbani mara mbili kuangalia kama pasi imezimwa. Mke wa Folio alimwambia huo si kitu, asikilize wa sita. "Wewe si ulimshtaki kwangu?" nilimwuliza. "Wa sita sikuwa nimeusikia, shemeji!" Viti vikakwaruza sakafu. Watu wazima walikuwa wanapigiana kelele kuhusu bawaba.

"Ngojeni!" mwalimu alipaza sauti, gitaa likiwa nusu ndani ya begi. "Ngojeni niwaimbie miisho yote miwili, muone nani yuko sahihi."

Akaimba yote miwili. Hatukukubaliana. Aliimba mpaka saa kumi na moja, na mnunuzi wa gitaa, aliyekuja kulichukua, alisimama mlangoni nusu saa nzima, kisha akaondoka akisema atarudi siku nyingine.

Jumatatu, saa nne asubuhi, wimbo wa kumi na moja ulitoka. Folio alisubiri saa saba, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu. Alipofungua simu alikuta maoni kumi, yote ya watu wa kweli, na yote yana namba juu, pembeni kulia. Kila mmoja wetu alikuwa amefungua faili lake, akaona folio ya mwisho ni sitini na saba, na akaendelea pale lilipoishia.

"Sitini na nane," alisoma. "Sitini na nane. Sitini na nane." Rangi ilimtoka. "Zote kumi!"

Chini kabisa Gia ya Pili alikuwa ameandika: "Zimegongana. Sasa naamini. Wa kumi na mbili uko njiani."

Folio aliyasoma maneno hayo mara mbili, akacheka kidogo, akafuta miwani. Halafu akachukua kalamu na karatasi, akaanza kupita meza hadi meza akituomba tupange upya nani awe sitini na tisa, nani sabini. Wengi tulikubali. Mlango wa Mkuu ndio uliomshinda.

"Mimi ndiye sitini na nane," tulimsikia akisema. "Nenda kazungumze na bibi."