Mizigo Aliyobebeshwa Mama

Nimetapeliwa katika nchi nne, na hakuna hata moja iliyonifundisha namna ya kumwonya mama yangu akasikia.

Niliacha shule kidato cha pili kwa sababu nilitaka kujua Barabara ya Mombasa inaendelea hadi wapi ukiigeuzia mgongo bahari. Nilijua. Kampala, mtu aliangusha bunda lililofungwa kama noti, mwenzake akaniita kichochoroni tugawane, nikatoka huko bila simu. Namanga, upande wa Tanzania, mbadilishaji pesa alihesabu noti mbele ya macho yangu, akazikunja vizuri, na nilipozikunjua zilikuwa nusu. Lusaka nilipanda teksi ya mtu aliyevaa kitambulisho shingoni. Kitambulisho kilikuwa cha maktaba. Johannesburg, mwanamume mwenye sare alinibebea begi kituoni, na mpaka leo sijui alikolipeleka.

Kwa hiyo dada yangu alipojifungua huko huko Johannesburg na kumtumia mama tiketi ya ndege, nilijiona mtu wa maana kwa mara ya kwanza nyumbani kwetu Kola. Mama ana miaka sitini na kitu, hakuwa amewahi kupanda ndege, na huyo ni mjukuu wake wa kwanza. Nilitaka amfikie, basi. Nilimfuata jikoni akichambua maharagwe, nikaanza: pasipoti usimpe mtu asiye nyuma ya dirisha la uhamiaji. Teksi usipande, mngoje dada ndani. Mtu usiyemjua akikuita mama, endelea kutembea.

"Niendelee kutembea na mtu ameniita mama?"

"Ndiyo."

"Sasa wewe uliyeibiwa mpaka begi la nguo ndiye mwalimu?"

"Si ndiyo sababu najua!"

"Haya, mwalimu. Sogea, umenizibia mwanga."

Nikamwambia la mwisho, lililo kubwa kuliko yote: usibebe mzigo wa mtu. Aliacha maharagwe akanitazama kana kwamba nimemtukana marehemu baba.

Kwetu mtu akisafiri, safari si yake peke yake. Ukienda Nairobi tu, utapewa mfuko wa maembe umpelekee mtoto wa fulani, na kukataa ni kama kumnyima jirani kaa la moto. Kuufungua mzigo huo uone kilichomo ni vibaya zaidi. Umemwita mwenyewe mwizi. Habari za tiketi zilitangazwa kanisani Jumapili, na kufikia Jumatano sebule yetu ilikuwa ghala. Muthokoi, yale mahindi yetu yaliyotwangwa yakatoka maganda, mifuko mitatu. Asali kwenye chupa ya soda. Viatu vya mtu ambaye dada hamjui wala hajawahi kumsikia. Nilimwambia mama nusu ya vitu hivi vitazuiwa forodhani. Akasema forodha nao ni watu, watakula.

Alhamisi akaja mwanamke na katoni iliyozungushiwa utepe wa gundi kila upande. Alisema ametoka Katangi, ameolewa kwa watu wa ukoo wetu, na alikuwepo tulipomzika baba. Kikamba chake kilikuwa kitamu kuliko changu.

"Ni vinguo tu vya mjukuu wangu," alisema. "Kijana wangu atakuja kuichukua hapo hapo uwanjani. Ata hutaisumbukia."

"Atamjuaje mama?" nikauliza.

"Nimpige picha kidogo, nimtumie."

Mama alikuwa tayari ameshaweka sawa kitambaa chake cha kichwa, anatabasamu. Nilimvuta nje nikamwambia kuna akina mama wanaozeekea jela za ugenini kwa sababu ya katoni kama hiyo. Sisi wawili tuifungue sasa.

"Eka! Acha!" alisema kwa sauti ya chini. "Nimfungulie mtu mzigo wake? Nitamtazama na macho gani tena?"

Nilitembea hadi barabarani na kurudi, mara tatu. Kupigana na desturi ni kupigana na ukuta. Ila nilipokuwa narudi mara ya tatu nilikumbuka desturi nyingine. Mtoto akizaliwa, wanawake huja na vyondo vyao, vile vikapu vya kusuka, vimejaa zawadi, na mwanamke mzima mmoja huvifungua mbele ya wote, anainua kila kitu, wanakipigia vigelegele. Hapo kufungua si kumshuku mtu. Ni kumheshimu. Nikampigia mama mdogo, ambaye sauti yake inasikika hadi kwenye zahanati, nikamuuliza iweje mtoto wa kwanza wa dada asifunguliwe vyondo.

"Nani amesema hafunguliwi?" alifoka. "Jumamosi!"

Mwanamke wa Katangi alikuja pia, maana mama alimwalika mwenyewe. Mama mdogo alitandika mkeka, akaanza. Muthokoi, vigelegele. Viatu vya asiyejulikana, vigelegele. Akafika kwenye katoni na kisu cha jikoni mkononi.

"Hiyo iache," yule mwanamke alisema. "Ni ya siri kidogo."

"Mama wee, nguo za mtoto ziko na siri gani? Ni nepi za serikali?"

Watu wakacheka. Yeye pia alicheka, akainuka, akasema gundi imelegea, aende dukani aifunge upya. Akabeba katoni yake. Hadi mama anaondoka hakuwa amerudi, na namba aliyotuachia haikuingia tena.

Unafikiri mama alinishukuru? Njia yote hadi uwanja wa ndege alinung'unika kwamba tumemwaibisha mtu, kwamba huenda zawadi yake ilikuwa ndogo, maskini, akaona haya.

Siku ya pili mchana dada alipiga, akampa mama simu. Nilisikia mtoto analia karibu, nikakaa chini kwenye ngazi.

"Huyu mtoto ana paji la baba yako," mama alisema. "Na pale tulipobadilisha ndege, mzee mmoja wa suti, mtu wa heshima, aliniita mama. Aliomba nimshikie begi aende msalani."

"Mama! Ukalishika?"

"Nilimwambia alifungue kwanza, amwage hapa chini, nimpigie vigelegele."

"Akafanya nini?"

"Alilichukua akaenda nalo. Na hakuwa hata na mtoto, yule."