Kigurudumu Tulichokicheka

Siku Enid Tranter alipochagua kigurudumu chake cha kuviringishia mshipi wa kuvulia, mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Naisimulia mwenyewe kabla wenzangu hawajaitia chumvi.

Enid ni mjane wa Wilf, rafiki yangu, mmoja wa wavuvi sita wa timu ya chama chetu hapa Mto Derwent. Baada ya mazishi alikuja mkutanoni na koti lake la kazi lililojaa nyuzi mabegani, akaomba nafasi ya mumewe. Mwanamke alikuwa hajawahi kuvulia timu ile. Wenzangu wakainamia bia zao, wakaniachia mzigo mimi nahodha. Nikatafuta njia ya kukataa bila kusema hapana.

"Sawa, shemeji," nikamwambia. "Jumapili ya mwisho ya Februari, mimi na wewe mtoni. Ukinishinda kwa uzito wa samaki, nafasi ni yako. Ukishindwa, tusiyasikie tena haya."

"Na nikikushinda, Horace, usije ukasema ulikuwa na mafua."

Kigurudumu cha Wilf tulimzika nacho, aliagiza mwenyewe. Kwa hiyo Jumamosi ya kuamkia shindano Enid alikuja kwa Cyril Astle, kwenye duka la vifaa vya uvuvi, kutafuta chake, nasi wanachama tulikuwepo kama kawaida yetu, hatununui kitu.

Uvuvi wetu hauna gia wala breki. Maji yanabeba chelezo, kile kiboya cha juu ya ndoana, chelezo kinavuta mshipi, mshipi unazungusha gurudumu, na breki ni kidole gumba chako. Ndiyo maana kila mwanamume akiingia kwa Cyril hukipiga kigurudumu kofi, kikazunguka, naye akahesabu. Changu kilikwenda dakika mbili na sekunde kumi, na niliwaambia hata wasioniuliza.

Nikamchagulia kimoja kikubwa, kinang'aa. Nikakipiga. "Dakika moja na nusu, shemeji! Chukua hiki."

Hata hakuhesabu. Alitoa uzi mkobani na kifungo cha shati. Akaviringisha uzi kwenye lile gurudumu, akaning'iniza kifungo, akaachia. Kifungo kikabaki pale pale. Akajaribu cha pili, cha tatu, cha nne. Halafu akachimbua chini ya sanduku kimoja kilichokwaruzika, kishikio chake kimeungwa kwa skrubu. Cyril akakipiga kofi kwa kejeli: sekunde thelathini na nne, kimya. Enid akaning'iniza kifungo chake. Kikashuka chenyewe, polepole, mpaka mezani.

"Nipe hiki, Cyril."

"Shemeji, hicho ni cha kuzuilia mlango!" nikapiga kelele, na duka zima likaangua kicheko.

Akanigeukia. "Wewe Horace unataka kigurudumu au pia ya kuchezea? Miaka thelathini na moja nimeviringisha nyuzi kiwanda cha lesi. Kibiringo cha uzi kilicho kizito kuanza kinakata uzi, na kinachozunguka ovyo kinakuletea mafundo. Mto haupigi kofi, baba. Mto unavuta."

"Chema chajiuza, bibie," Cyril akasema, "hicho nina miaka sita nacho."

"Basi leo kimejiuza," akajibu Enid, akakitia mkobani.

Jumapili mto ulikuwa mdogo, maji maangavu, yanatambaa tu. Tulikaa tukiachana hatua thelathini, wanachama nyuma yetu na mikate yao ya jibini. Nikaachia chelezo changu. Maji yale hayakuwa na nguvu ya kuliamsha gurudumu langu la dakika mbili. Chelezo kikalala nyuma, kikavutwa, na funza wangu wa chambo wakapanda juu mbele ya pua za samaki waliokuwa wakila chini. Nikawa navuta mshipi kwa mkono, nao ukasita na kuruka. Samaki wa Februari hawapendi kitu kinachoruka.

Kwa Enid, chelezo kilikwenda na maji kama jani. Kinafika penye mzizi wa mti, kinazama, kidole gumba kinabonyeza, ufito wa kuvulia unapinda. Samaki wa mapezi mekundu, mmoja baada ya mwingine. Nilibadilisha ndoana. Nilibadilisha chambo. Nikautukana mto, mto ambao Wilf alinifundisha kuuheshimu. Saa nne za shindano zilipokwisha, wanachama wote walikuwa wamehamia kwake, hata mbwa wa Cyril.

Cyril akapima. "Horace, ratili tatu na robo."

Akaning'iniza wavu wa Enid, mizani ikashuka kwa kishindo. "Ratili kumi na moja!"

Wanaume wakarusha kofia. Enid akanyanyua kile kigurudumu kwa mikono miwili, akaupigia mto kelele: "Wilf! Nimekaa mahali pako, mzee wangu!" Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

Beji ya timu aliyoivaa Wilf ilikuwa mfukoni mwangu. Wiki nzima ilikuwa humo, maana nafasi ile nilikwisha kumwahidi mpwa wangu. Niliona aibu, na pia nilifurahi, sijui kipi kilitangulia. Nikamkabidhi. Akaibandika mwenyewe kwenye lile koti la nyuzi, akaipigapiga, kisha akanigeukia.

"Vipi, Horace? Mafua?"

"Hapana, shemeji," nikasema, wote wakisikia. "Nimeshindwa."